Neno Lililobaki Kinywani

Mtaani walimwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa chuki. Alikuwa msusi, mwanamke mnene wa kiasi, mwenye vidole vyepesi na kicheko cha kuambukiza. Saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba waliyopanga yeye na mumewe. Mlikuwa na viti viwili vya kuzunguka, kimoja kimelegea shingo, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri, na rafu ya mafuta, vitana na mafungu ya rasta. Ukikaa pale asubuhi, uliondoka mchana kichwa kimesukwa na masikio yamejaa. Ulijua nani anahama, nani hasemeshani na mama mkwe wake, na binti wa nani ameanza kutapika asubuhi.

Hakuwa mtu mbaya. Mtaani pakiwa na mgonjwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kubisha hodi na chupa ya chai. Shida ni kwamba akitoka kwa mgonjwa, na ugonjwa ulitoka naye. Kabla ya jua kuzama, hata mwuza mkaa wa barabara ya pili alikuwa anajua mahali panapouma.

Mumewe alikuwa fundi makochi, akifanyia kazi zake uani chini ya bati. Alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Mtu akimwuliza habari za nyumbani kwake, alijibu, "Muulizeni mke wangu, hata mimi huwa nazisikia kwake."

Redio alikuwa na maneno yake ya kufungulia habari. Alishusha sauti, akatazama mlangoni, kisha akasema, "Mimi sisemi kitu." Hapo benchi zima lilisogea mbele, kwa kuwa kila aliyeketi alijua kwamba sasa ndiyo kitu kinasemwa.

Maneno hayo ndiyo yaliyomponza wifi yake.

Wifi huyo alikuwa mdogo wa mumewe wa tumbo moja, mwalimu wa chekechea, msichana mtulivu aliyekuwa amechumbiwa na fundi umeme mmoja. Jioni moja Redio alimwona akitoka nyumbani kwa mwanamume ambaye mkewe alikuwa safarini. Kesho yake, kitana mkononi, alishusha sauti. "Mimi sisemi kitu. Nasema tu nilichokiona kwa macho yangu." Hakuongeza chumvi hata punje. Wengine waliiongeza. Habari ilipofika kwa ndugu wa mchumba ilikuwa imeshaota miguu na mikono, na mwalimu alikuwa analala huko kila siku. Kumbe alikuwa anakwenda kumfundisha binti wa nyumba ile, aliyevunjika mguu na kukosa shule. Ukweli ulipojulikana, uchumba ulikuwa umekwisha vunjwa, na fundi umeme hakurudi tena.

Fundi makochi hakumpigia mkewe kelele. Alisema tu, "Safari hii umetusuka sisi," akaingia uani. Baada ya hapo hata yale maneno yake machache aliyafungia.

Nyumba ikawa na ubaridi. Redio alilia, akaapa kuacha, na kwa muda kweli hakuwa na hamu ya kusema lolote. Alimwogopa wifi yake kuliko mtu yeyote. Akimwona kwa mbali alikula kona.

Siku moja mchana, saluni ikiwa tupu, wifi aliingia mwenyewe. Akaketi kwenye kiti kizima, akafungua kitambaa kichwani.

"Wifi, nisuke mistari ya kurudi nyuma," alisema.

Redio alishika kitana, kikamponyoka. Akakiokota. "Wifi, mimi sijui hata niseme nini."

"Usiseme. Nimekuja kukwambia kwamba nimekusamehe. Nililia, nikakuchukia, nikamwambia Mungu kila kitu nilichotaka akufanyie."

"Akasema nini?"

"Hakufanya hata kimoja, kama unavyoona. Alinikumbusha tu jinsi alivyonisamehe mimi. Nikaona nije leo, kabla sijaghairi."

Redio aligawa nywele mstari wa kwanza, akashindwa kuendelea. "Na nikikosea tena je?"

"Utakosea, nakujua," wifi alisema akimtazama kwenye kioo. "Mimi sikungoja uwe mwema ndipo nikusamehe. Na mimi pia sikungojwa."

Basi Redio akalia. Alilia amesimama, mikono kwenye kichwa cha mtu ambaye yeye mwenyewe alimharibia maisha, machozi yakimdondokea katikati ya mistari, mpaka wifi akasema, "Nywele nimeshaosha nyumbani, dada. Hakuna haja ya kurudia." Wakacheka wote wawili huku kamasi zikiwatoka, na mikono ya msusi ikatulia, akasuka mpaka mwisho.

Kanisani alikuwa akienda tangu utotoni. Lakini alikwenda zaidi kuona nani amevaa nini na nani hakuja. Jumapili ile alikaa kando ya wifi, na kwa mara ya kwanza alisikiliza. Mchungaji alipozungumzia neema, kwamba Mungu humpokea mtu angali na matope miguuni, Redio hakuhitaji kufafanuliwa. Neema alikuwa ameshaiona imeketi kwenye kiti chake cha kuzunguka. Akasimama mbele ya watu, akakabidhi maisha yake kwa Yesu, na aliporudi kuketi alijihisi mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia.

Alidhani mambo yamekwisha. Jumatatu asubuhi aligundua kwamba moyo ulikuwa mpya lakini ulimi ulikuwa ule ule wa Jumamosi.

Habari zilimfuata kama kawaida. Wateja walizileta bila hata kuombwa, wakimwekea mbele yake kama sahani. Ulimi ukawa unamwasha. Akabuni mbinu. Kila umbea ulipoanza, alichukua pini za nywele akazibana kwenye meno. Mtu mwenye pini mdomoni haongei. Mbinu ilionekana nzuri hadi siku mteja mmoja alipouliza kama ni kweli mke wa mwenye duka amefukuzwa nyumbani. Redio, pini zimebanwa sawasawa, alipandisha nyusi zote mbili, akazishusha, akapandisha moja. Benchi likaelewa kila kitu. Jioni ile mtaa mzima ulikuwa na habari kamili, na chanzo chake kilikuwa nyusi.

Alimwendea wifi yake amejikunja kwa aibu. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akatulia.

"Pini zinafunga mdomo," alisema. "Moyo utaufunga na nini? Wewe unapambana na huo ulimi kama mtu anayezuia mlango kwa mgongo wake. Utachoka, na walio nje wataingia. Mwite aliye na nguvu kuliko wewe."

"Nimwite vipi?"

"Kama unavyoniita mimi. Kabla, na wakati wenyewe."

Tangu hapo, kabla ya kufagia saluni, Redio alipiga magoti mbele ya kiti cha kuzunguka na kuweka viwiko juu yake. Kiti kile kilikuwa na tabia ya kugeuka, hivyo alianza sala akitazama dirisha na kuimaliza akitazama rafu. Aliwaombea waliokuwa wanakuja siku ile, mmoja mmoja, na waliokuwa wanasemwa. Akagundua jambo ambalo hakuna mtu aliyemfundisha, kwamba ni vigumu sana mchana kumwanika mtu uliyemtaja mbele za Mungu asubuhi. Alianguka tena, si mara moja. Alikwenda kuomba radhi mpaka watu wakazoea kumwona mlangoni amesimama kinyonge. Lakini kuanguka kukawa kunapungua, na kuinuka kukawa hakumchukui muda.

Fundi makochi aliona. Siku moja alimletea mkewe kiti kibovu kikiwa kimetengenezwa shingo na kuvikwa ngozi mpya, akakiweka mahali pake bila kusema lolote. Kwa mtu yule, hiyo ilikuwa hotuba.

Ila wateja walipungua. Wengi, kumbe, walikuwa wanalipia habari, na kusukwa kulikuwa nyongeza. Ng'ambo ya barabara palikuwa pamefunguliwa saluni nyingine, yenye vioo vya ukuta mzima na muziki. Mwenyewe alijulikana kama Malkia, mwanamke mrembo wa kujua kwamba ni mrembo, nywele zake ndefu zikibadilika kila wiki. Malkia alikuwa na ulimi wake pia. "Redio imekwisha betri," aliwaambia wateja, nao wakavuka barabara. Alisema pia kwamba dawa za Redio zinaunguza vichwa, jambo ambalo halikuwa kweli hata kidogo. Redio alisikia yote. Alimtaja Malkia asubuhi kwenye kile kiti, na tuseme ukweli, siku za mwanzo alimtaja shingo upande.

Asubuhi moja, kabla hajafungua, alisikia hodi ya mlango wa uani. Alikuwa Malkia, amejifunika mtandio hadi machoni.

"Funga mlango," Malkia alisema. Akatazama huku na huku, akavua mtandio, kisha akavua na nywele. Zile nywele ndefu zilikuwa wigi. Chini yake kichwa kilikuwa na mabaka matupu yenye vidonda, na vishungi vichache vilivyobaki vilikuwa vikavu kama majani ya kiangazi.

Redio alisogea karibu. "Nini hiki, shoga?"

"Dawa mpya niliyoagiza. Nilijaribu kwangu kwanza, nisije nikaunguza wateja." Akalikunja wigi mkononi. "Hata mume wangu hajui. Nalala na kitambaa. Watu wakijua kwamba mimi, mimi ninayewatengeneza wao, nimejiunguza kichwa, nimekwisha."

"Kwa nini umekuja kwangu?"

"Kwa sababu mikono yako naijua. Na kwa sababu siku hizi husemi."

Redio alimkalisha. Aliosha vidonda kwa maji ya uvuguvugu, akakata kwa mkasi nywele zilizokufa, akapaka utomvu wa mshubiri taratibu, akimpulizia pale palipouma kama mama anavyompulizia mtoto. Akamwambia aende zahanati vidonda vitazamwe, na arudi kwake kila baada ya siku chache. Alimhurumia kwa dhati. Lakini chini ya huruma ile alihisi kitu kingine kinarukaruka, kama mtoto aliyepewa zawadi akaambiwa asiifungue. Alikijua kitu hicho. Walikuwa wamekua pamoja.

Jumamosi iliyofuata saluni ilijaa kuliko ilivyowahi kujaa kwa muda mrefu, na Redio akashangaa. Benchi halikuwa na nafasi. Kwenye kiti alikuwa ameketi muuza viatu, mwanamke mrefu asiyeficha jambo, na pembeni mkunga mstaafu aliyewazalisha nusu ya waliokuwamo.

Muuza viatu aliacha asukwe upande mmoja, kisha akaanza. "Mwenzetu, kuna jambo tunataka kujua, usikasirike. Jirani alimwona Malkia anatoka kwako asubuhi, mlango wa uani. Tukamwuliza. Anasema wewe ndiye uliyemwita. Ulimwangukia miguuni akupe kazi, hata ya kuosha vichwa tu, kwa kuwa hapa pamekufa. Ni kweli?"

Mtu mmoja kwenye benchi aliguna. Mwingine alificha kicheko kwenye mtandio. Redio akaelewa ni kwa nini wamejaa.

Vidole vyake vilisimama. Damu ilimpanda hadi masikioni. Mikono hii ndiyo iliyoosha usaha wa kichwa kile, na malipo yake ndiyo haya. Neno likaja lenyewe, fupi na tamu kama peremende, likakaa kwenye ncha ya ulimi. Hakuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha kusema, "Mwambieni avue nywele." Maneno matatu tu, na muziki wa ng'ambo ungezimika siku ile ile. Tena angekuwa amesema kweli, na ni nani angemlaumu mtu anayejitetea? Kila aliyekuwa pale alikuwa anamtazama kama zamani, macho yanang'aa, na Redio akatambua kwamba alikuwa ameyakosa macho yale. Alikuwa ameyakosa sana.

Akasikia sauti yake mwenyewe ikishuka. "Mimi sisemi kitu," alisema.

Benchi lilisogea mbele.

Aliwaona wakisogea, wote kwa pamoja, na hapo akajiona na yeye. Moyoni alisema maneno machache tu, hata si sala ya kueleweka: Bwana Yesu, nishike, naanguka. Hakusikia sauti wala hakuona mwanga. Ilikuwa kama unapobeba karai la mchanga peke yako, mikono inakaribia kuachia, na mtu anakuja kushika upande wa pili. Uzito ulikuwa bado upo. Ila hakuwa peke yake nao.

"Mimi sisemi kitu," alirudia, kwa sauti ya kawaida, "na leo ndivyo ilivyo kweli, sisemi." Akachukua fungu la nywele, akaendelea kusuka.

Watu walitazamana. Muuza viatu hakukubali. "Kwa hiyo uliomba kazi?"

"Kazi ninayo. Hii hapa, ina mba. Geuka upande huu."

Kicheko kililipuka mpaka kioo kikatikisika. Muuza viatu mwenyewe alicheka, akageuka. Mmoja alijaribu tena, akauliza basi Malkia alifuata nini, na Redio akajibu, "Ya kwake ni ya kwake. Siku ukija na yako, hutapenda niwaambie hawa." Hapo mkunga mstaafu akasema, "Mwacheni," na wakamwacha, kwa sababu mama yule hakuwa akibishiwa.

Alipomaliza kichwa kile alitoka uani kuchota maji, na hapo furaha ikamkuta. Alisimama kwenye bomba, maji yakafurika, naye anacheka na machozi yanamtoka. Neno lilikuwa limeyeyuka. Alilitafuta kinywani asilione. Miaka yote alidhani kunyamaza ni kukosa, na sasa alijiona tajiri.

Mumewe alikuwa ameketi na nyundo yake karibu na dirisha la saluni. Alisimama.

"Nilisikia," alisema. "Na yule mama nilimwona asubuhi ile kupitia upenyo wa mlango, hana nywele. Nikasema moyoni, leo mtaa utajua. Halafu watu wakakuchokoza, wakakudhalilisha, nikasema, sasa basi. Nikaweka hata nyundo chini nisikilize." Hapo alikuwa ameshazidisha kipimo chake cha wiki. "Mke wangu, najivunia wewe."

"Si mimi," alisema Redio. "Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kuna aliyenishika."

"Najua si wewe. Wewe nakufahamu," mumewe alisema, na kwa mara ya kwanza tangu habari za dada yake, alimshika mkono. Kisha akaingia saluni, akawasalimia wateja wote mmoja mmoja kwa kuwapa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wakabaki wanajiuliza ameota nini.

Mkunga alipoondoka hakwenda kwake moja kwa moja. Alivuka barabara, akamkuta Malkia mlangoni. Hakujua siri yoyote, na hakuuliza. Alimwambia tu, "Yule mwenzako ameulizwa habari zako leo mbele ya watu, wakamcheka kwa ajili yako, akakusitiri. Nilitaka ujue." Akaenda zake.

Malkia alivumilia Jumapili. Jumatatu hakuvumilia. Alikuja kwa mlango wa mbele, peupe, saluni ikiwa na watu, muuza viatu akiwa miongoni mwao kuleta viatu vya mteja. Alisimama katikati ya chumba.

"Nimesema uongo," alisema. "Huyu hakuniomba kazi. Mimi ndiye niliyekuja kuomba." Akavua wigi, akalishika mkononi kama mtu anayevua kofia.

Muuza viatu alitafuta kitu cha kutazama sakafuni. Redio alivuta kiti, akakipangusa, akamkalisha Malkia pale mbele ya dirisha, akaanza kumpaka dawa kana kwamba ni jambo la kila siku.

"Kwa nini hukusema?" Malkia alimwuliza kwenye kioo.

"Nilitaka sana. Usidhani sikutaka. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Nikamwomba Yesu anishike, akanishika. Sina jingine la kukueleza."

Malkia akauliza, kwa sauti ndogo ambayo mtaa haukuwahi kuisikia kwake, "Na mimi angenishika?"

"Ndiyo kazi yake," Redio alisema.

Malkia hakuporomoka kama alivyoogopa. Wateja wake wengine walimcheka, wengine walikuja kumwambia kwamba nao wanalala na vitambaa. Aliwaambia wote kwamba dawa za Redio hazijawahi kumuunguza mtu. Nywele zilianza kuota, laini kama za mtoto mchanga, na hakurudia wigi.

Wateja wa Redio nao walirudi, ingawa si wale wale na si kwa sababu ile ile. Walianza kuja wanawake wenye mambo mazito, wakiomba zamu ya mwisho ili wabaki naye peke yao. Wakiwa wamempa mgongo na vidole vyake vimo kichwani mwao, walisema yale wasiyoweza kumwambia mtu. Yalibaki pale. Hata wifi yake, alipopata mtu wa kumpenda tena, alikuja kumwambia yeye kwanza, kabla ya kaka yake.

Ijumaa mchana saluni zote mbili zikawa zinafungwa, na wanawake wanakutana kuomba. Chumba cha Redio kilikuwa kidogo, hivyo Malkia alivusha viti vyake barabarani, magari yakasimama kumpisha, naye amebeba viwili viwili, kichwa wazi, nywele fupi zikimeta juani. Siku ile ya kwanza waliimba mpaka madirisha yakajaa watu. Muuza viatu aliingia akasema amepita tu, akabaki hadi mwisho. Redio alikuwa katikati yao anapiga makofi, jasho linamtiririka, anaimba kwa kinywa kipana kisicho na kitu cha kuficha.